U ya Uwindaji

Ilikuwa herufi moja tu, na Aili Lampinen alikuwa ameiandika mara tisa asubuhi ile kabla mkono wake haujasita.

Kila mwaka mambo yalikuwa hayo hayo. Msimu wa kulungu hufunguliwa tarehe kumi na tano Novemba, na mwaka huo tarehe iliangukia Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa watu wangeondoka na watoto wao kwenda kambini msituni, wakawashe majiko na kusafisha bunduki. Tangu Jumatatu wazazi walikuwa wakipiga simu shuleni kuomba ruhusa. Aili, karani aliyefanya kazi miaka ishirini na sita nyuma ya dirisha lile la kioo, alitafuta jina kwenye daftari la mahudhurio na kuandika U. U ya uwindaji. Hakuna aliyeuliza zaidi. Huku kaskazini mwa jimbo mtoto akisema tumbo linamuuma utamgusa paji la uso, lakini akisema anakwenda kuwinda utamfungia pasti, andazi la kuoka lililojazwa nyama na viazi, ale njiani.

Jina la kumi lilikuwa Fern Albright.

"Fern?" Aili aliuliza, simu ameibana begani. "Fern wako huyu huyu, asiyekula hata yai?"

Mama yake Fern alicheka. "Hata mimi nimeshangaa, Bi. Aili. Eti amealikwa na rafiki, anataka kuona. Nikamwambia haya, nenda kaone damu, tutakupokea ukilia."

"Rafiki gani?"

"Hakutaja. Unawajua wasichana wa miaka kumi na tano. Ukiuliza mara mbili, unafungiwa mlango usoni."

Aili alimuaga, akaweka simu chini, na kalamu ikabaki hewani juu ya karatasi. Akarudi kwenye yale majina tisa, moja moja. Baba yake huyu alikuwa baharia wa meli za mizigo ziwani, harudi mpaka Desemba. Babu yake yule alipooza mwaka juzi, bunduki zote zikauzwa, na Aili mwenyewe alikuwapo siku ya mnada. Wote kumi walikuwa darasa moja, darasa la kumi.

Darasa la Kalle, mjukuu wake. Na Kalle jana wakati wa chai alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli lake, "Bibi, Ijumaa niandikie U. Nakwenda kambini na baba." Baba yake Kalle alikuwa na safari ya kubeba magogo kwa lori siku hiyo ya Ijumaa, kutwa nzima. Aili alijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimfungia chakula.

Alichukua daftari akaenda nalo kwa mwalimu mkuu. Bwana Proctor alikuwa na barua tatu mezani na biskuti mdomoni.

"Aili, wewe ni mzaliwa wa hapa, mimi ndiye mgeni," alisema baada ya kumsikiliza. "Unataka nimpigie nani simu nimwambie kwamba watoto wa huku wanakwenda kuwinda?"

"Kina Albright hawawindi."

"Basi msichana amempata mvulana, na mvulana anawinda. Hilo nalo tuliripoti?"

"Watu kumi, bwana. Na wengine wao hawana hata bunduki nyumbani."

Bwana Proctor aliyafuta makombo ya biskuti kwenye barua kwa upande wa kiganja. "Kazi yako ni kuandika wasiokuja. Andika. Uchunguzi tuwaachie wanaolipwa kuchunguza."

Aili alirudi dirishani kwake. Juu ya mashine ya kunakili kulikuwa na karatasi ya njano iliyobandikwa tangu miaka miwili nyuma, ikiwa na namba ya simu na maneno ya herufi kubwa: UKIONA, SEMA. Mtu alikuwa ameichorea masharubu. Aliitazama mpaka kengele ikalia.

* * *

Kalle alikuwa akipanga kuni nje ya sauna, kibanda chao cha kuogea kwa mvuke. Alikuwa mrefu kuliko baba yake sasa, mikono yake ikimshinda, lakini kuni alizipanga kama alivyofundishwa na marehemu babu yake, gome juu, ncha nje.

"Baba yako ana safari Ijumaa," Aili alisema.

Kipande cha ukuni kikakaa mahali pake. Kingine.

"Kalle. Nakuuliza nani kakwambia usiende shule."

"Hakuna mtu."

"Fern Albright naye hakuna mtu aliyemwambia?"

Hapo alisimama. Theluji ya kwanza ilikuwa ikianguka kidogo kidogo, inayeyuka kwenye kofia yake. "Bibi, ukiwa umeahidi kitu, umeahidi."

"Umemwahidi nani?"

Aili hakumsukuma. Aliokota kuni mbili, akazipanga vibaya makusudi, na Kalle akashindwa kuvumilia, akazitoa na kuzipanga upya, na katika kuinama kule, uso wake ukiwa hauonekani, akasema: "Trevor."

Trevor Saarinen. Mtoto wa Jolene, jirani aliyekuwa kama wa familia.

"Alisemaje? Maneno yake yenyewe."

"Alisema, 'Wewe hujanifanyia kitu. Ijumaa usije.' Basi. Nikamuuliza kuna nini, akasema, 'Usije tu.' Mimi nikamwambia Fern. Fern naye sijui kamwambia nani. Tukakubaliana tuseme kuwinda, maana..." Alinyanyua mabega.

"Maana hakuna anayeuliza."

"Ndiyo." Sasa alimtazama bibi yake, na macho yake yalikuwa ya mtoto mdogo kabisa. "Lakini Bibi, alinionya. Angekuwa mbaya angenionya?"

Aili aliokota ukuni mwingine, akampa. Swali lile alilipeleka baadaye kanisani, akarudi nalo nyumbani.

* * *

Wes, baba yake Kalle, alirudi kabla giza halijaingia, anatoa harufu ya misonobari na dizeli. Mwanawe huyu alikuwa mtu wa utani. Hata siku mkewe alipoondoka alisema angalau sasa atapata upande wa kitanda ulio karibu na jiko. Siku hiyo hakutania. Alisikiliza amesimama, glavu mkononi.

"Mama, unajua lori ninaloendesha ni la nani?"

"Najua."

"Ni la Dwight Saarinen. Na Jolene je? Baba alipofariki, nani aliyelala kwenye kochi hili wiki nzima akikupikia?"

"Wes, nilikuwapo."

"Basi niache kesho nizungumze na Dwight. Mimi na yeye, kiume. Hakuna haja ya polisi wa jimbo na sijui watu gani."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia amuulize mwanawe."

"Na mwanawe akisema alikuwa anatania?"

"Basi alikuwa anatania!" Wes alitupa glavu mezani. "Watoto husema ovyo. Mimi nikiwa na miaka kumi na tano nilisema nitaichoma ile shule mara ngapi?"

"Ulikuwa ukiniambia mimi, tena kwa kelele, na bakuli mkononi. Huyu anawaondoa watu mmoja mmoja, kimya kimya, anachagua nani abaki."

Wes alikaa. Kalle alikuwa mlangoni, kofia bado kichwani, theluji inadondoka sakafuni.

"Bibi, ukipiga simu sitasema nawe tena," alisema. Hakupandisha sauti.

Aili aliipenda sauti ya mtoto yule kuliko kitu chochote kilichobaki duniani. Alinyanyua simu ya ukutani, akabonyeza ile namba ya karatasi ya njano. Alikuwa ameikariri bila kujua.

* * *

Aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Ledbetter, mchambuzi katika kituo cha taarifa cha jimbo, huko mji mkuu, mwendo wa siku nzima kwa gari. Kwenye kituo hicho, alieleza, habari ndogo ndogo za shule, za polisi wa wilaya na za hospitali huletwa na kuwekwa pamoja, kwa sababu aghalabu kila mmoja anashika kipande na hajui cha mwenzake. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeandika huku akisikiliza.

"Mama Lampinen, alisema atafanya nini?"

"Hakusema. Alisema wasije."

"Vizuri. Nipe maneno yake hivyo hivyo, usiyafanye makubwa wala madogo. Silaha nyumbani kwao?"

Aili alikaribia kucheka. "Mwanangu, hapa kila nyumba ina bunduki kama ilivyo na mlango."

"Amebadilika siku hizi?"

Alifikiri. Trevor aliacha kwaya. Trevor aliacha kula ukumbini. Trevor alikuja dirishani mwezi uliopita, mpole kama kawaida, na Aili akampa peremende. "Amekuwa kimya," alisema. "Lakini huku mvulana akiwa kimya tunasema amelelewa vizuri."

"Kusema utafanya ni kitu kimoja, kujiandaa ni kingine. Wengi wanaosema hawafanyi, na nisingependa mtoto aharibikiwe maisha kwa neno tu. Kwa hiyo nitakuuliza swali ambalo litakuwa la ajabu kidogo. Mlangoni pa shule yenu, sakafu ikoje?"

"Sakafu?"

"Ndiyo, mama."

"Ina samaki. Yule wa mdomo mrefu, ndiye alama ya shule. Kapangwa kwa vigae vidogo, vya bluu na vyeupe. Jicho lake liling'oka zamani, watoto wakabandika kifuniko chekundu cha chupa."

Kule upande wa pili, kuandika kulikoma.

"Kifuniko chekundu," Ledbetter alirudia.

"Ndiyo."

"Mama Lampinen, usiondoke kwenye simu hiyo." Alizungumza na mtu pembeni, haraka, kisha akarudi. "Siwezi kukwambia yote. Nitakwambia hili tu. Wiki tatu zilizopita msichana mmoja, kusini kabisa mwa jimbo, alitumiwa picha na mtu wanayecheza naye mchezo wa kompyuta, mtu asiyemjua jina. Picha ya sakafu yenye samaki mwenye jicho jekundu, na namba kumi na nne imeandikwa juu yake. Alimwonyesha mwalimu wake, mwalimu akatutumia. Tumetafuta shule hiyo wiki tatu. Na Ijumaa ni tarehe kumi na nne."

Aili aligeuka. Wes alikuwa ameziba uso kwa viganja. Mlangoni hapakuwa na mtu tena, palikuwa na maji tu mahali Kalle aliposimama.

* * *

Jumatano asubuhi, kabla ya kengele ya pili, gari lisilo na alama lilisimama mbele ya nyumba ya kina Saarinen. Walishuka mpelelezi mmoja wa polisi wa jimbo na mwanamama wa ushauri nasaha, na hawakuvunja mlango, wala hawakupiga kelele. Trevor alikuwa anakula nafaka na maziwa. Inasemekana alipowaona aliweka kijiko chini na kusema, "Haya."

Mchana kilikaa kikao ofisini kwa Bwana Proctor, yeye, mpelelezi, mshauri, na sauti ya Ledbetter ikitoka kwenye simu katikati ya meza. Aili aliambiwa alete kahawa. Alileta. Aliambiwa asante, afunge mlango. Baada ya nusu saa akaitwa tena, na mara hii hakuna aliyeomba kahawa.

Mpelelezi alisogeza karatasi iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki. "Ilikuwa ndani ya daftari lake. Pamoja na namba za milango. Unaifahamu?"

Ilikuwa ratiba ya kengele za shule. Na pembeni, kwa wino wa kijani ambao hakuna mwingine aliyeutumia jengo zima, mwandiko wa duara: *Trevor mwanangu, usiipoteze hii!* na kauso kanakocheka.

"Aliniomba," Aili alisema. "Mwezi uliopita. Alisema huwa anachelewa."

"Ulimpa tu?"

"Aliomba kwa adabu."

Bwana Proctor alikohoa. Mtu yule aliyeukataa ushahidi wake jana, biskuti mdomoni, sasa alimtazama kwa macho ya hakimu. "Tutahitaji utaratibu kuhusu karatasi zinazotoka dirishani, Aili."

"Tutahitaji," Aili alisema, "na wa zinazoingia pia." Akatoka na trei yake.

* * *

Ijumaa shule ilifunguliwa. Askari alisimama juu ya samaki, buti zake zimefunika jicho. Nusu ya watoto hawakuja, wengine kwa hofu, wengine wamekwenda kuwinda kweli. Walimu walifundisha. Mchana kulikuwa na piza ya mstatili na mahindi, na mvulana mmoja wa darasa la saba alitapika kwenye ngazi kwa sababu ya maziwa. Saa tisa kengele ya mwisho ililia. Aili alihesabu watoto wakipanda mabasi mpaka basi la mwisho likapinda kona, kisha akaketi kwenye kiti chake na kulifunga daftari.

Hakuna lililotokea. Na hilo ndilo lililomponza.

Maana lingetokea, wangemwimba. Halikutokea, kwa hiyo lilibaki neno lake dhidi ya mtoto aliyelelewa kwenye kwaya. Trevor alipelekwa hospitali ya vijana kusini, hakupelekwa jela; daktari alisema alikuwa amezama mbali sana na wangechelewa kidogo tu wangempoteza, yeye na wengine. Lakini daktari alikuwa kusini, na maneno yalikuwa hapa. *Daftari gani? Watoto huandika. Bunduki gani? Ya babu yake, kila mtu ana ya babu yake. Karani amezeeka, anatafuta umuhimu.*

Wazazi waliacha kuzungumza naye. Walipiga simu kabla ya saa moja asubuhi, wakijua hayupo, wakaiachia mashine ujumbe: mtoto fulani haji, basi. Jumamosi, ambapo kwa miaka majirani wawili watatu walikuja sauna wakiwa na taulo mabegani, mvuke ulipanda kwenye paa na hakuna mtu aliyeugonga mlango. Wes alikoga peke yake. Jumatatu iliyofuata Dwight Saarinen alimnyang'anya funguo za lori, bila ugomvi, akazitia mfukoni kama mtu anayerudishiwa kalamu.

"Angalau mgongo utapumzika," Wes alisema mezani. Hakuna aliyecheka, naye hakutarajia.

Kalle alitimiza ahadi yake. Alipanga kuni, akaosha vyombo, akapokea chakula kwa kuinamisha kichwa. Neno hakusema.

* * *

Jumapili ya kwanza ya Desemba, baada ya ibada, walikunywa kahawa kwenye chumba cha chini cha kanisa kama ilivyo desturi. Aili alikaa mwisho wa meza ndefu, viti viwili vitupu kila upande. Mchungaji alikuwa amemnong'oneza Wes jambo mlangoni, na Wes akaja akachuchumaa kando ya kiti cha mama yake.

"Jolene anataka kusema nawe. Mbele ya watu." Alilamba midomo. "Dwight anasema ukimwomba radhi mkewe, lori lipo. Kesho asubuhi. Neno moja, Mama. Huna haja hata ya kulimaanisha."

Aili alimtazama mwanawe, mvi za kwanza juu ya masikio, mikono mikubwa isiyojua pa kukaa bila usukani. Kama angeombwa kitu kingine chochote angempa.

Jolene alikuja. Alikuwa amekonda mpaka koti lilimning'inia. Watu waligeuka, hata wale waliokuwa kwenye keki.

"Aili," alisema. Miaka yote alikuwa akimwita Shangazi Aili. "Nilikupikia mumeo alipofariki."

"Ulinipikia. Wiki nzima."

"Ungekuja mlangoni kwangu. Ungeniambia mimi kwanza, mama yake. Nimejua habari za mwanangu kutoka kwa mtu mwenye beji, nikiwa na nguo za kulalia."

"Nilifikiria kuja," Aili alisema. "Nikafikiri, nikija, utamuuliza. Na atakujibu vile unavyotaka kusikia, na utamwamini, kwa sababu hata mimi ningemwamini wangu."

"Hakumgusa mtu!" Sauti ya Jolene ilipasuka. "Mtoto wangu hakumgusa mtu hata mmoja! Hakuna kilichotokea!"

"Ndiyo."

"Basi sema samahani. Sema tu, twende nyumbani. Nimechoka, Aili."

Kijiko kiligonga kikombe mahali fulani. Mwisho wa chumba, karibu na makoti, Kalle alikuwa amesimama, na karibu naye Fern Albright, na wengine wa darasa lile, kumi na zaidi, wakiwa na miguu yao mirefu na keki mikononi. Wote walikuwa wakimtazama. Aili aliwahesabu bila kutaka, kama alivyozoea kila asubuhi, jina kwa jina. Hakuna aliyekosekana.

Akasimama. Akashika mkono wa Jolene, na Jolene, labda kwa uchovu tu, hakuunyofoa.

"Jumapili ijayo unakwenda kumwona Trevor," Aili alisema. "Njia ni ndefu na ina barafu. Nitakufungia pasti, na ukitaka mtu wa kukaa nawe garini, nitakuja, nikae kimya kwenda na kurudi. Nitakupikia wiki, mwezi, mpaka uniambie basi. Nililia kwa ajili yako na nitalia tena."

Wes alifumba macho.

"Lakini radhi siombi, Jolene. Leo siombi, na kesho usiniulize."